Kiti cha Nyuma cha Skuta ya Alcide

Sijui kwa nini mnaniuliza mimi. Mafundi wamejaa bonde zima, mikono imejaa grisi na midomo haifungwi, lakini mtu akitaka kujua kama silinda yenye tundu pana inaifanya skuta ipande mlima vizuri zaidi, analetwa kwangu nimsimulie ya Alcide. Kalamu siipendi, nayo hainipendi. Haya, nitaisema mara moja tu, na asinikatishe mtu.

Alcide Bertagna alikuwa anakaa Pianrosso, juu kabisa, kwenye nyumba ya mwisho. Ukisema ya mwisho watu wanadhani kuna nyingine kabla yake. Zipo, ila milango yake imepigiliwa misumari. Wenyewe wako Genova, wako Torino, na wengine wako nyuma ya kanisa chini ya mawe. Miaka ile, lira ikiwa bado ndiyo hela ya Italia yote, pale juu moshi ulikuwa unatoka kwenye dohani moja tu. Asubuhi watu wa chini, wa Pontesecco, waliinua macho wakauona, wakasema, "Alcide mzima." Kisha wakarudia kahawa yao.

Alikuwa amepita sitini, na hajaoa. Alimuuguza mama yake mpaka akamzika, na siku aliyomzika akagundua kwamba amezeeka bila kumuuliza mwanamke yeyote swali lolote. Alipasua kuni, akafuga mbuzi wawili. Vuli ikifika aliokota kastanya, zile kokwa za miti ya milimani kwetu tunazozikausha kwa moshi na kuzisaga unga, akawa anauza unga huko chini. Usafiri wake ulikuwa skuta ya kijivu, ile ndogo ya cc hamsini. Hamsini haidai leseni wala namba, ndiyo maana nusu ya wazee wa bonde letu wanayo. Na sheria ilisema hamsini ni ya mtu mmoja. Ina kiti kimoja, kifupi, kama kigoda cha kukamulia. Alcide hakuona ubaya wowote. Angembeba nani?

Sasa, barabara ya mtoni kulikuwa na Zelinda, mjane wa mwoka mikate. Mume alipofariki watu walisema tanuri litazimika, naye akafunga kitambaa kichwani, akashika koleo la mikate, na mikate ikatoka mizuri kuliko ya marehemu, ingawa hilo hakuna aliyelisema kwa sauti. Alcide ndiye aliyempelekea unga wa kastanya.

"Bi Zelinda, unga huu."

"Weka pale. Umekula?"

"Nimekula."

"Muongo mkubwa. Kaa."

Na Alcide alikaa. Katika dunia nzima hapakuwa na mlango mwingine ambapo mtu alimwambia kaa. Kwa Fosco, kule baa, hukaa mtu kwa kuagiza kitu. Kanisani unakaa kwa sababu wengine wamekaa. Kwa Zelinda aliambiwa, akapewa mkate wa moto na kipande cha jibini, na mwanamke yule akaendelea na kazi yake, amempa mgongo, anazungumza na ukuta, naye Alcide akawa anamjibu ule mgongo. Mifuko ya unga aliyoweza kuishusha kwa safari moja alianza kuishusha mmoja mmoja.

Siku moja, theluji imeshaisha milimani, Zelinda akamwambia, "Kule kwako wanasema bahari inaonekana."

"Siku ya upepo inaonekana. Kama uzi."

"Nimezaliwa hapa na sijawahi kuiona kutoka huko. Goti langu na ule mlima hawapatani." Akafuta mikono kwenye aproni, muda mrefu kuliko mikono ilivyohitaji. "Ivano wangu anataka nihamie Genova nikae na wajukuu. Nimemwambia nitamjibu sikukuu ya San Rocco."

San Rocco ni katikati ya Agosti. Akamtazama Alcide. Alcide akautazama mfuko wa unga. Alielewa. Hata mbuzi wake wangeelewa. Lakini maneno yaliyotoka yalikuwa haya:

"Nitakupeleka ukaione bahari. Kwa skuta."

Jumapili iliyofuata, watu wametoka misani, akafunga mto wa kitandani kwenye kile chuma cha nyuma cha kubebea mizigo, Zelinda akapanda ubavu, gauni la kanisani limefungwa vizuri, wakakatisha uwanja mbele ya macho yote ya Pontesecco. Kwenye tambarare skuta ilikwenda. Mlima ukaanza, ikaanza kulalamika. Kona ya kwanza, pale penye kisanamu cha Bikira kwenye ukuta, panaonekana vizuri kutoka kwenye baraza la Fosco. Gia ya kwanza, petroli imefunguliwa yote, skuta ikatetemeka, ikakohoa, ikazima. Ikaanza kurudi nyuma.

"Bwana harusi!" Fosco akapiga kelele toka barazani, taulo begani. "Hiyo ni skuta au kinu cha kahawa? Mshushe bibi harusi, mfunge mbuzi mbele!"

Baraza zima likavunjika mbavu. Zelinda akashuka, akakunja gauni, akaweka mikono yote miwili kwenye kile chuma, akasukuma. Na huku anasukuma anacheka, anacheka mpaka machozi, mpaka inambidi asimame. Walisukuma hivyo hadi kona ya pili. Alcide uso ulikuwa mwekundu kama kigae. Masikio yake yalisikia kicheko tu, cha barazani na cha mgongoni kwake, na hakukitenganisha.

"Nikurudishe," akasema.

"Turudi kwa nini? Si tumeshafika huku?"

"Nikurudishe, Bi Zelinda."

Akamrudisha, na njia nzima hakugeuza shingo.

Kesho yake alikuwa mlangoni kwa Dorando, fundi, hata kabla Dorando hajafungua. Dorando ni mtu mnene, mvivu wa kuinama, lakini ukimsikilizisha injini kwenye simu atakuambia ina ugonjwa gani.

"Nataka ipande na watu wawili," Alcide akasema.

"Hamsini haibebi wawili, mzee wangu. Sheria haitaki, na yenyewe haitaki."

"Mpwa wa Fosco anabeba wawili."

"Mpwa wa Fosco nimemtia silinda ya sabini na tano. Nje inafanana na yako, askari akitazama anaona hamsini. Ndani tundu ni pana, pistoni nene, moto unapata pa kusukumia. Nusu ya bonde hili wana hamsini za kwenye karatasi."

"Nitie hiyo."

"Ngoja kwanza, usiniharakishe. Watu wanakuja hapa wanadhani tundu kubwa ni dawa ya kila kitu. Mbio haitakuongezea za maana, kwa sababu gia ni zile zile. Utapata msuli. Lakini kabureta ikibaki na kitundu chake kidogo, injini itakosa petroli, na kwa hizi zetu za kuchanganya oili kwenye petroli, ikikosa petroli imekosa na oili. Itachemka, pistoni itashikana na silinda, na wewe utaruka mbele kama chura. Kwa hiyo kitundu tunapanua. Ekzosi naacha ile ile ya kimyakimya, askari wasikusikie. Itakuwa kama mtu anayekimbia na kitambaa puani, lakini wewe hukimbii, unapanda. Breki ndiyo hizo hizo, sina nyingine. Kupanda nitakupa mimi, kushuka mwombe Mungu."

"Breki sijakuuliza."

"Hujauliza, nimekujibu. Na kiti?"

Alcide akakigusa kile kigoda chake kwa kiganja. "Kile kirefu," akasema.

Silinda iliagizwa mjini, ikachelewa kama vitu vya mjini vinavyochelewa, ikafika kiangazi kimeshashika. Dorando akaifunga kwa siku mbili huku anatukana. Alipomaliza akapiga teke la kuwashia, sauti ikatoka tofauti, ya chini, nene, kama mtu mzima anayesafisha koo. Alcide akaweka mkono kwenye usukani.

"Sasa nisikilize," fundi akasema. "Hii ni mpya, ni ngeni kwa nafsi yake. Inabidi uizoeshe. Ringi za pistoni na silinda zisuguane taratibu mpaka zijuane. Usifungue zaidi ya nusu. Usimpakie mtu. Mlima usiuguse, hata peke yako. Fuata barabara ya mtoni, tambarare, nenda hadi daraja la chini, rudi. Na usiwe unaiwasha na kuizimazima njiani kama taa ya choo. Ipate joto, ifanye kazi, ije hapa ipoe. Nikikuambia tayari, ndipo tayari."

"Lini?"

"Plagi ndiyo itasema. Siyo mimi, siyo wewe."

Kuna watu wakiambiwa hivyo wanaitikia, na wakifika kona ya pili wanafungua petroli yote. Alcide siyo hao. Alikuwa amemuuguza mama mgonjwa miaka mingi, dawa kwa saa, uji kwa kijiko. Aliizoesha ile injini vivyo hivyo. Kila asubuhi alishuka, akaitoa bandani kwa Dorando, akaenda daraja la chini na kurudi, petroli nusu, mgongo wima, sikio limeelekezwa chini kati ya magoti kusikiliza kama kuna kitu kinalia. Jioni akaiacha kwa fundi, akapanda Pianrosso kwa miguu, kwa njia ya zamani ya nyumbu wa mizigo, kwenye jua lile la Julai linalochoma mawe.

"Alcide!" Fosco alimwita toka barazani. "Umenunua injini ili utembee?"

Alcide akaendelea kutembea. Huo mlima wote aliupanda kwa miguu kila siku, kiangazi kizima, na haikumjia hata mara moja kwamba mlima unapandika kwa miguu.

Na barabara ya mtoni inapita mlangoni kwa Zelinda.

Unga wa kastanya ulikuwa umekwisha tangu Mei, haukuwapo mfuko wa kumpelekea. Na Dorando amesema usisimame. Siku za kwanza Zelinda alipousikia mlio alitoka, koleo mkononi, akaliinua juu kumsalimu. Alcide aliitikia kwa kidevu, kwa sababu mikono ilikuwa na kazi na sikio lilikuwa chini. Akapita. Akirudi akapita tena. Kichwani mwake alikuwa anamwambia mambo mengi. Alimwambia: bado kidogo. Alimwambia: rangi ya dirisha la jikoni nimeibadilisha, kiti cha pili nimekigongea mguu, ukija utaona. Alizungumza naye hivyo njia nzima, kwenda na kurudi, hata akawa anajihisi kama mtu aliyetoka kumtembelea.

Baada ya muda koleo halikuinuliwa tena. Zelinda alikuwa anaonekana dirishani tu. Alcide akajisemea, joto hili, tanuri hilo, kazi imemzidi. Halafu hata dirishani hakuonekana.

Siku mbili kabla ya San Rocco, Dorando alifungua plagi, akaipeleka mlangoni penye mwanga, akaizungusha kati ya vidole. Weusi ungekuwa ubaya, weupe ungekuwa ubaya zaidi. Ilikuwa ya kahawia, kahawia ileile ya ganda la kastanya.

"Mpandishe," akasema. Jina hakulitaja. Nani alikuwa hajui?

Alcide alioga kwenye bomba la uani kwa fundi, akavaa shati aliloleta limekunjwa kwenye karatasi, akatandika juu ya kile kiti kirefu blanketi la marehemu mama yake. Akaenda barabara ya mtoni, na safari hii akasimama, akazima.

Kitu cha kwanza alichokigundua ni harufu. Haikuwapo. Tanuri lilikuwa baridi. Ndani kulikuwa na maboksi yamefungwa kamba, na godoro limekunjwa limesimama ukutani kama mtu aliyepewa adhabu.

"Bi Zelinda. Iko tayari."

"Nini kiko tayari?"

"Skuta. Sasa inabeba wawili."

Akatoka mpaka barazani. Akakitazama kiti, akalitazama blanketi, akamtazama yeye na shati lake lenye mistari ya mikunjo. "Kiangazi kizima umepita hapa mlangoni," akasema. "Wiki ya kwanza nilidhani hujaniona."

"Nilikuwa naizoesha injini. Fundi alisema nisisimame."

"Fundi alisema." Akavua aproni, akaitundika kwenye msumari ambao haukuwa na kitu kingine. "Haya. Nipandishe."

Wakakatisha uwanja. Barazani kwa Fosco watu wakainuka kuona. Mlima ukaanza, Alcide akashusha gia, na pale penye Bikira, pale pale, ile injini ikainamisha kichwa ikavuta. Haikutetemeka. Nguvu ilitoka chini, nzito, kama ng'ombe anavyoinuka na jembe. Kona ya kwanza, ya pili, ya tatu. Fosco aliacha taulo limdondoke begani. Zelinda alikuwa ameshika mkanda wa suruali ya Alcide. Kona ya nne akamshika kiuno. Alcide alisema baadaye kwamba kama ulimwengu ungekuwa na kona zaidi, yeye asingelalamika.

Juu, upepo ulikuwepo. Bahari ilionekana.

"Kweli," Zelinda akasema. "Kama uzi."

Alcide alimkaangia chapati za unga wa kastanya, za unga wa akiba aliouficha tangu masika, akaweka jibini laini juu. Zelinda akala mbili. Akamwambia hazina chumvi. Akalisifia dirisha. Akakikalia kile kiti cha pili, kikatulia, hakikuyumba.

"Nimeshamjibu Ivano," akasema. "Keshokutwa anakuja na gari la mizigo."

"San Rocco haijafika."

"Haijafika. Lakini nilikuwa dirishani, Alcide. Nani aliniambia nisubiri? Wewe ulikuwa unapita."

"Nilitaka ipande kwanza. Nisikuaibishe tena mbele ya Fosco."

"Nani aliaibika? Wewe uliaibika. Mimi nilicheka kwa sababu tangu mume wangu afariki sikuwa nimesukuma kitu na mtu. Ningesukuma mpaka hapa. Goti lingeuma, kisha lingepoa."

Basi wakakaa. Mbuzi walikuwa wanalia kule nyuma, hakuna aliyekwenda. Neno lilikuwa mdomoni mwa Alcide, neno dogo, ambalo yeye mwenyewe alikuwa ameambiwa mara ngapi kule chini, na kila alipoambiwa alikuwa ametii. Kaa. Hivyo tu. Zelinda alisubiri, alikusanya makombo ya meza kwa kiganja, polepole, mpaka meza ikawa haina kitu.

Alcide akasimama. "Ngoja niangalie breki," akasema, "kabla hatujashuka."

Walishuka jua likiwa bado juu. Dorando hakuongopa: katika kushuka, silinda kubwa haikuwa na msaada wa maana, breki zilikuwa zile za zamani, zilinuka, na Zelinda alimshika kwa nguvu mikono yote miwili, shavu kwenye lile shati. Alcide alikwenda polepole sana. Tuseme ni kwa ajili ya breki.

Keshokutwa, kengele za San Rocco zinapigwa, Ivano akapakia maboksi na godoro. Alcide alikuja, akabeba vitu vizito, akafunga kamba kwa mafundo mazuri. Gari lilipowashwa Zelinda akatoa mkono dirishani, akampa kijungu chake cha chumvi, kile cha udongo chenye kifuniko cha mbao.

"Na uwe unakula," akamwambia.

"Ninakula."

"Muongo mkubwa," akasema, na gari likaondoka.

Vuli ilipoingia Dorando alimuuliza kama amrudishie ile silinda ya hamsini, kwa kuwa sabini na tano inakunywa petroli zaidi na yeye yuko peke yake. Alcide alikataa. Fundi akamuuliza kuhusu kile kiti kirefu. Alikataa hata kabla swali halijaisha. "Mwakani atakuja San Rocco," akasema. "Ivano atamleta." San Rocco ya mwakani ilikuja, Ivano hakuja. Kadi ya Krismasi ilikuja. Blanketi bado liko kwenye kiti, na mvua ikinyesha analitoa, analikausha motoni, analirudisha.

Kwa hiyo jibu lenu ni hili. Inasaidia. Mtu mmoja juu ya sabini na tano anaruka mlima ule kama hana uzito. Zamani Alcide alifika nyumbani giza likiingia. Siku hizi anafika jua bado liko kwenye miti ya kastanya, anazima, anavua kofia, na jioni nzima iko mbele yake, ndefu, anaitazama.

Nimewaambia. Sasa na nyinyi fanyeni kitu. Wewe unayesoma, ukipita Pontesecco usiishie kwa Fosco. Panda mpaka Pianrosso, kwa miguu kama huna chombo, inapandika. Atakuuliza kama umekula, mwambie hujala. Usisubiri akuambie kaa, kwa sababu hatasema. Vuta kile kiti cha pili, kaa, umwambie chapati zina chumvi ya kutosha au hazina. Kisha ushuke, uje hapa kwangu, uniambie umemkutaje, maana mimi mlima ule siuwezi tena, na yeye akipita mlangoni kwangu hasimami.